UZI: Mabango, logo na vipeperushi vya kampuni tukiviweka klaudi, funguo anashika nani? Wa Mwanza na Kanda ya Ziwa karibuni

Jiwe Juu ya Jiwe (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Wa Mwanza, Mara, Geita, Kagera na wote mliolizunguka hili ziwa nawasalimu, wa mikoa mingine nao karibuni maana hili jambo halina kabila.

Nipo kitengo cha masoko kwenye kampuni moja hapa mjini, tunauza nyavu, taa za sola za kuvulia dagaa na chakula cha samaki kwa wenye vizimba. Mawakala wapo Bunda na Musoma, ukigeukia upande wa pili wapo Sengerema, Geita, Chato, Muleba mpaka Bukoba, halafu kuna Ukerewe. Kila wakala anataka bango la mlangoni, vipeperushi, stika za ndoo, orodha ya bei na video ya kuweka status, na kabla hatujakaa chini kulipanga hili kila mmoja alikuwa na toleo lake. Unakuta bango zuri tu barabarani lina namba ya simu ya mtu aliyeshaacha kazi, kwingine logo imevutwa mpaka duara limekuwa yai na kurekebisha huwezi maana dizaina kaondoka na faili la kuhariri, na bei za zamani bado ziko ukutani mteja anakunyooshea kidole "si nyie wenyewe mmeandika hapa?" na huna la kumjibu.

Ukifuatilia inatokea wapi, mlolongo ni uleule: dizaina anatuma kwenye grupu la WhatsApp kama picha, WhatsApp inaibana ili iwe nyepesi, wakala anaipiga skrini shoti kwenye status ya mwenzake, anaipeleka kwa mtu wa kuprinti, naye anaivuta iwe bango la mita mbili. Hapo unategemea nini.

Tukahamia klaudi, yaani mafaili yanakaa mtandaoni sio kwenye mashine ya mtu. Naeleza tulivyofanya halafu mnikosoe, ndio maana nimeuleta humu.

Akaunti ni ya kampuni, sio Gmail ya mtu. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Kwenye Google Drive ya kawaida faili ni mali ya aliyelipandisha, sio ya aliyeshirikishwa, kwa hiyo kijana wa fildi akipandisha mabango yote kwa Gmail yake, akamaliza fildi akarudi chuo, siku akiamua kusafisha akaunti yake nyie ofisini mnabaki na linki zisizofunguka. Na tangu Desemba 2023 Google wana utaratibu kwamba akaunti binafsi isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Kwenye Google Workspace, ile ya kulipia ya maofisi, unatengeneza draivu ya pamoja, humo faili ni la ofisi hata aliyeliweka akiondoka leo jioni.

Halafu linki. Kila kitu kina linki moja na hiyo linki haibadiliki. Bei zikibadilika hatupandishi faili jipya pembeni ya la zamani, tunaligusa lilelile, tunaenda kwenye kudhibiti matoleo, tunapandisha jipya juu yake. Wakala aliyehifadhi linki akiifungua anakutana na bei za leo bila kutumiwa chochote. La zamani linabaki nyuma siku 30 au mpaka yafike matoleo 100, ukitaka likae zaidi unaliwekea alama ya kutofutwa. Hii kitu watu wengi hawaijui, wanafuta faili wanaweka jingine na linki zote walizosambaza zinakufa.

Folda hatukupanga kwa mwaka wala kwa jina la dizaina, tumepanga kwa anachokitaka wakala: NATAKA KUPRINTI, NATAKA KUPOSTI, MTEJA ANAULIZA BEI. Basi. Mafaili ya kuhariri yako folda nyingine ambayo wakala haioni kabisa. Mawakala wanaangalia na kudaunlodi tu, wanaoweza kubadilisha ni wawili.

Sasa maswali yangu: je kuna haja ya kununua hii mifumo maalum ya kutunza mali za matangazo au Drive inatosha? Na nyie mnawafanyaje mawakala wabishi wasiofungua linki? Karibuni.

furu90

Siti ya mbele, ngoja waje wataalam.

Ila mkuu mimi nakupinga kidogo. Yaani nilipie kila mwezi kwa dola kisa vipeperushi? Sisi tuna eksternal ya TB 1 iko kwenye droo ya bosi, kila kitu kimo humo tangu kampuni inaanza, mtu akitaka anaenda na flashi. Bando hailiwi, hakuna pasiwedi ya kusahau. Tusipende mambo makubwa.

Jiwe Juu ya Jiwe

furu90 mkuu siku bosi akiwa Dar na droo imefungwa, wakala wa Chato anataka bango kesho mnada, unafanyaje? Na hiyo disk ikianguka sakafuni mara moja tu ndio imetoka hiyo. Mimi sisemi uitupe, tena ibakize, watu wa IT wana ile kanuni yao ya nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya jengo. Eksternal yako ni moja kati ya hizo tatu. Tatizo lako ni kwamba ndio zote tatu.

Halafu kuhusu kulipia, akaunti ya bure ya Google ina GB 15 ila hizo unagawana na Gmail na picha za Photos, sio za Drive peke yake. Dropbox ya bure ni GB 2, OneDrive GB 5. Vipeperushi na logo vinatosha vizuri tu humo, kinachojaza ni video.

Wino Mweusi

Mimi nipo upande wa kuprinti hapa mjini na huu uzi ungebandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ningefurahi sana.

Wateja wangu sikilizeni. Mtu anakuja saa kumi na moja jioni, kesho ana maonesho pale Furahisha, anataka roli-apu (lile bango la kusimamisha) ya sentimita 85 kwa 200, namuuliza logo iko wapi ananiambia "ipo kwenye profaili yetu ya WhatsApp chukua hapo". Sasa hiyo picha hata stika ya kalamu haitoshi. Nikimwambia nitaichora upya namchaji, anaona namwibia.

Kwenye hiyo folda ya kuprinti mleta uzi weka hivi: logo iwe vekta (mchoro wa mistari, sio picha ya vidoti), PDF au SVG au EPS, hiyo nikiivuta hata iwe ukubwa wa ukuta wa uwanja wa Kirumba haivunjiki. Kama dizaina katumia CorelDRAW mwambie aihifadhi na kwa vesheni ya chini maana wengine bado tunatumia za zamani, ukiniletea CDR ya mwaka huu mashine yangu haiifungui. Maandishi yageuzwe kuwa michoro (kwenye programu inaitwa curves), la sivyo fonti kama sina kwangu kompyuta inaweka yake yenyewe na jina la kampuni yako linatoka kama tangazo la mahafali. Kipeperushi kiwe dpi 300 (vidoti kwa kila inchi) na kiongezwe milimita 3 kila upande za kukatia. Bango kubwa hata 100 mpaka 150 kwa saizi yake halisi inatosha, mtu analitazama kwa mbali, msiniletee faili la GB 2 la bango la barabarani.

Na rangi jamani. Skrini inachanganya rangi kwa mwanga, RGB, wino wa kuprinti unachanganya kwa CMYK. Ile bluu kali mnayoipenda kwenye simu ikifika kwenye karatasi inatoka zambarau, halafu mnanigombeza mimi. Andikeni kabisa kwenye faili moja namba za CMYK za rangi zenu, weka kwenye folda, mkishaandika mara moja ugomvi umeisha.

La mwisho nawaambia kwa faida yenu ingawa ni biashara yangu. Msije dukani mkaingia kwenye akaunti ya ofisi kwenye kompyuta yangu halafu mkaondoka. Wanafanya hivyo wengi, wanafungua Drive, wanadaunlodi, wanaondoka na akaunti ipo wazi na ndani nakuta mpaka malipo ya mishahara. Mimi nafunga, je mwingine? Nitumieni linki tu, na muhakikishe imefunguliwa kwa yeyote mwenye linki. Sio nabonyeza inaniambia niombe ruhusa, naomba, mwenye kutoa ruhusa kalala.

Kipanga wa Nyegezi

Hapo kwenye akaunti kuachwa wazi dukani nimecheka ila ni kweli kabisa, nishaona mtu kaacha na imeili ya benki 😂

Kalamu Kulia

Naona dizaina anasemwa tu humu kama mwizi. Ngoja niwasemee wenzangu.

Mnalia dizaina kaondoka na faili la kuhariri, je mlimlipa? Kampuni inakupa kazi ya logo, inakupa advansi, ikishapata JPEG yenye muonekano mzuri simu hazipokelewi tena. Faili la kuhariri ndio dhamana yangu, silitoi mpaka hela imeingia. Na kwenye makubaliano mengi hakuna mahali pameandikwa kwamba faili hilo ni sehemu ya kazi, mtu anakuja baada ya mwaka anadai kama alilinunua.

Jiwe Juu ya Jiwe

Kalamu Kulia kaka hapo una haki na mimi nakubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba kampuni haiwezi kukaa inamtegemea mtu mmoja kubadilisha namba ya simu kwenye bango lake yenyewe. Tulichofanya sisi ni kuandika kwenye mkataba: malipo ya mwisho yanatoka siku faili la kuhariri, fonti na picha zilizotumika vimeingia kwenye folda yetu na tumevifungua vikafunguka. Dizaina ana uhakika wa hela yake, sisi tuna uhakika wa faili. Yule tuliyenaye sasa alikubali bila shida, tena anasema inamsaidia maana haulizwi ulizwi.

Kalamu Kulia

Hiyo nimeipenda, naichukua.

Ongezeni na hili basi. Siku hizi kazi nyingi zinafanyika Canva, na huko watu wanasahau kwamba dizaini inakaa kwenye akaunti ya aliyeitengeneza. Ukinipa kazi nikaifanya kwenye Canva yangu nikakupa PDF, huna kitu cha kuhariri. Afadhali kampuni ifungue timu yake humo, inialike, nifanyie humo, nikimaliza mnanitoa na kuhamishia dizaini kwenu. Na ukiwa na Canva ya kulipia unaweka rangi, fonti na logo za kampuni sehemu moja, kila anayefungua anakuta ni hizohizo, hakuna mtu wa kubuni kijani chake.

Fonti nazo zina leseni. Kuhamisha faili la fonti kwenda kwenye folda ya ofisi haimaanishi ofisi imeinunua. Tumieni zile za Google Fonts ni bure hata kwa biashara, mnaepuka maneno.

DadaNansio

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni wakala (sio wa kampuni ya mleta uzi, ya bidhaa nyingine) nipo huku Ukerewe, nataka niseme kwa nini sisi mnaotuita wabishi hatufungui linki zenu.

Mnatuma linki, nafungua, ni PDF ya MB 90. Kipeperushi! Bando langu la siku linaisha kwenye ukurasa wa kwanza. Nikienda Ukara au Irugwa kuonana na wateja ndio kabisa, mtandao unakuja ukijisikia. Mteja amesimama mbele yangu anataka kuona taa inafananaje na bei ni ngapi, mimi nimeshika simu kiduara kinazunguka. Ndio maana naishia kupiga skrini shoti, sio ubishi. Picha ipo kwenye galari naifungua hata katikati ya maji.

Mkitaka tutumie klaudi zenu tuwekeeni picha nyepesi, chini ya MB 1 ziwe za wima zinazoenea kwenye simu, bei ziwe na maandishi makubwa, na muandike tarehe juu kabisa ili mimi mwenyewe nijue hii niliyonayo ni ya zamani. Video iwe sekunde 30 sio dakika tano za mkurugenzi kutoa salamu.

Jiwe Juu ya Jiwe

DadaNansio wabeja sana dada, umesema kitu ambacho mawakala wetu hawajawahi kutuambia kwa uwazi hivi. Hiyo ya tarehe juu ya picha tunaanza nayo wiki hii, maana siwezi kuzuia skrini shoti ila angalau skrini shoti itasema umri wake.

Kuna kitu kinaweza kukusaidia, kwenye apu ya Drive ukibonyeza vidoti vitatu pembeni ya faili kuna sehemu ya kulifanya lipatikane bila mtandao. Ukiwa Nansio mjini kwenye mtandao mzuri unayawekea alama, ukifika Ukara yanafunguka bila bando. Kila ukirudi kwenye mtandao yanajisasisha yenyewe. Na ukitaka kumtumia mtu faili zito WhatsApp litume kama dokumenti, sio kama picha, hapo halibanwi, linakwenda mpaka GB 2.

furu90

Haya dada wa Ukerewe kanisaidia hoja. Mtandao ukikata je? Mnakumbuka ile Mei 2024 nyaya za baharini EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima intaneti ikawa ya kubembeleza. Mimi na eksternal yangu nilikuwa naprinti tu.

Jiwe Juu ya Jiwe

Hahaha hiyo nakupa mkuu. Ile tarehe 12 Mei na siku zilizofuata ndio sababu kompyuta moja ofisini ina Drive ya mezani inayoshusha folda nzima ya KUPRINTI. Mtandao ukiwepo inalingana na ya klaudi, usipokuwepo mafaili yapo hapohapo kwenye mashine. Kwa hiyo kumbe tunakubaliana, umechelewa tu kusema.

Mzee wa Vifungu

Vijana mnaongea vizuri lakini kuna jambo mnalipita kwa kasi.

Hizo picha mnazopandisha, za mvuvi ameshika taa, mama anayeanika dagaa, vijana kwenye kizimba, mliwaomba ruhusa? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Huwezi kumpiga mtu picha mwaloni Kirumba ukamweka kwenye bango la njia panda Usagara kwa sababu tu alicheka vizuri.

Ushauri wangu ni mwepesi. Kila picha ya mtu iwe na fomu ya ridhaa, ipigwe picha, ikae folda moja na picha yenyewe na jina lifanane. Kwenye fomu aandike anakubali itumike wapi na mpaka lini. Siku akija kusema sitaki tena, unajua faili ni lipi na liko kwenye mabango gani. Watoto ndio kabisa, mzazi asaini.

Jingine, nimeona ofisi nyingi kwenye folda ileile ya matangazo wanaweka na orodha ya wateja, majina na namba za simu, "kwa ajili ya meseji za promosheni". Halafu folda imefunguliwa kwa yeyote mwenye linki, na linki iko kwenye grupu la watu 200. Hiyo sio folda tena hiyo ni kesi inasubiri mlalamikaji. Na mkumbuke seva za hizi kampuni kubwa ziko nje ya nchi, sheria ina masharti yake kuhusu kusafirisha taarifa za watu kwenda nje. Bango la taa halina shida, lipelekeni popote. Orodha ya wateja muulizeni mwanasheria wenu kwanza.

Jiwe Juu ya Jiwe

Mzee wangu shikamoo. Hilo la fomu kukaa na picha sikuwahi kuliona kwa mtu, nalibeba. Orodha ya wateja kwetu iko sehemu nyingine kabisa chini ya watu wa mauzo, lakini kesho naenda kuhakikisha kwa macho yangu.

Mzee wa Vifungu

Marahaba.

Tagi Kwanza

Nimechelewa ila nijibu swali la mleta uzi kuhusu mifumo maalum maana naona limesahaulika.

Hii mifumo inaitwa DAM, kazi yake ni kutunza picha, video na dizaini za kampuni. Zinazojulikana ni kama Bynder, Brandfolder na ile ya Adobe. Nimefanya kazi shirika moja lililokuwa na mfumo wa aina hii kwa hiyo nimeiona kwa ndani. Tofauti na Drive ni kwamba huku hutafuti kwa folda, unatafuta kwa tagi: unaandika "mwanamke, dagaa, Musoma, wima" zinakuja. Picha unaipa tarehe ya kuisha, ridhaa ya mtu ikiisha picha inajificha yenyewe isitumike. Kuna hatua ya meneja kuidhinisha kabla wakala hajaona. Na faili moja la logo, mtu anachagua anataka PNG ndogo au PDF ya kuprinti, mfumo unamgeuzia.

Ni tamu lakini bei zake ni za makampuni yenye matawi nchi kumi. Ipo ya bure inaitwa ResourceSpace, awali ilitengenezwa kwa ajili ya Oxfam, unaisimika kwenye seva yako mwenyewe. Bure yake lakini inataka mtu anayejua seva, wa kusasisha na kuchukua bekapu, na huyo mtu sio bure.

Maoni yangu mkuu, kama mna picha mia chache na mawakala kumi, baki na Drive. Chochote unachokiona kwenye DAM anza kukiiga kwa jina la faili. Sisi tulikuwa tunaandika mwaka na mwezi mbele, halafu bidhaa, halafu mahali, halafu saizi, mfano 2025-03_taa-dagaa_musoma_wima. Ukitafuta neno "musoma" kwenye Drive zinakuja zote. Picha zikifika maelfu mengi na mna watu wanne wa masoko wanaotafuta kila siku, hapo ndio mkaongee na bosi kuhusu hela. Kununua mfumo wakati mafaili yenu yanaitwa IMG na namba ni kuhamisha fujo kutoka sehemu ya bure kwenda sehemu ya kulipia.

Fundi Hesabu

Nakazia na upande wa malipo na funguo, maana kichwa cha uzi kinauliza nani anashika funguo na naona hatujafika huko.

Maofisi mengi akaunti kuu imefunguliwa na kijana wa IT kwa namba yake ya simu. Laini siku hizi zinasajiliwa kwa alama za vidole kwa jina la mtu, kwa hiyo akiondoka na laini yake, namba ya siri ya kuthibitisha (code) inakwenda kwake na huna pa kuidai, laini ni yake kisheria. Sajilini laini ya kampuni kwa nyaraka za kampuni, ikae kwenye simu ya ofisini, hiyo ndio iwe ya kurejeshea akaunti. Zile namba za siri za dharura za kuingilia ziprintiwe ziwekwe kwenye sefu na mhasibu ajue zipo. Wasimamizi wakuu wawe wawili, sio mmoja, na mmoja wao awe mwenye kampuni au mtu asiyeweza kufukuzwa kirahisi.

Malipo nayo, kadi ya bosi ikiisha muda wake mfumo unaanza kutuma maonyo kwenye imeili ambayo hakuna anayeisoma mpaka huduma inasimama. Weka imeili ya malipo iwe ya uhasibu. Na mtu akiacha kazi msifute akaunti yake kwa hasira siku hiyohiyo, badilisha pasiwedi, hamisha mafaili yake, ndio ufute. Kwenye Workspace mkishafuta mna siku 20 tu za kumrudisha, zikipita vilivyokuwa vyake binafsi havirudi.

Jiwe Juu ya Jiwe

Fundi Hesabu hapo kwenye laini umenigusa penyewe, namba ya kurejeshea akaunti yetu ni ya meneja wangu. Mtu mzuri, hana dalili ya kuondoka, lakini Jumatatu naandika barua ya kuomba laini ya kampuni.

Kipanga wa Nyegezi

Wakuu swali la mwisho mwisho. Nataka kuweka QR kwenye ndoo za bidhaa yetu, mteja akiskani aone bei na maelezo ya matumizi. Nimetengeneza kwenye tovuti moja ya bure imetoka safi. Niprinti stika elfu tano au kuna mtego?

Wino Mweusi

Usiprinti kwanza! Jibu swali hili: ukiskani, linki inayotokea ni ya kwenu au ni ya hiyo tovuti?

Kipanga wa Nyegezi

Ngoja niangalie... ni ya kwao, halafu ndio inanipeleka kwetu.

Wino Mweusi

Ndio mtego wenyewe. Hiyo inaitwa dainamiki, inapita kwenye seva yao, muda wa majaribio ukiisha wanakudai au inakufa, na ndoo zako ziko Muleba na Tarime. Tengeneza ile statiki, anwani inaandikwa ndani ya QR yenyewe, haina wa kuizima.

Jiwe Juu ya Jiwe

Naongezea kwa Wino Mweusi, statiki nayo haibadiliki, kwa hiyo usiweke humo linki ndefu ya Drive moja kwa moja maana siku ukihama Drive umekwama. Kama mna tovuti yenu ya .co.tz tengeneza ukurasa mfupi, mfano kampuniyenu.co.tz/ndoo, QR ielekee huo, halafu huo ukurasa ndio unauelekeza kwenye faili la bei. Leo liko Drive, kesho likiwa kwingine unabadilisha kwenye tovuti tu, ndoo haiguswi. Cha muhimu lipieni jina la tovuti kila mwaka. Na QR isiwe chini ya sentimita mbili, nyeusi juu ya nyeupe, usiibandike kwenye kona ya ndoo inapopinda, simu za bei nafuu haziisomi.

Kipanga wa Nyegezi

Tovuti ipo ila aliyeitengeneza ndiye mwenye pasiwedi, na hapokei simu tangu Pasaka.

Fundi Hesabu

Anza na hiyo kabla ya stika. Tafuta risiti ya kulipia hilo jina, angalia limesajiliwa kwa jina la nani. Kama ni la kampuni, nenda kwa msajili wenu na cheti cha BRELA na barua yenye muhuri, omba wabadilishe imeili ya mmiliki. Kama ni jina lake yeye, mtafuteni mkae mezani, na mwende na hela yake mliyobaki mnadaiwa, maana kutopokea simu tangu Pasaka mara nyingi kuna sababu.

Kalamu Kulia

Hapo kwenye sababu sisemi kitu 😂

Kipanga wa Nyegezi

Basi naenda kuuliza uhasibu tulimlipa kiasi gani. Stika zinasubiri.